Kaimu kocha anatutosha, au tutafute mwingine kabla ya mtoano?

Swali: Shikamoo kocha. Timu yetu ya mkoani iko Ligi Kuu, nafasi ya 14, mechi 24 pointi 24. Kocha mkuu alifukuzwa wiki tatu zilizopita, msaidizi wake kakaimishwa, tumecheza mechi mbili, ya nyumbani tumeshinda 1-0 na ya ugenini tumetoa sare. Wa 15 ana pointi 21 na kiporo kimoja, yani mechi moja hajaicheza bado, wa 13 ana 26, wa 12 ana 28. Sisi tuna deni la mabao 9, wa 15 ana deni la 16. Zimebaki mechi 6, tatu nyumbani, na mojawapo ya ugenini ni Dar kwa mmoja wa wakubwa wa Kariakoo, Simba au Yanga. Kijiweni hatuelewani kabisa. Vijana wa boda wanasema kaimu apewe timu moja kwa moja, wazee wa kahawa wanasema huyu ni mbeba koni tu aletwe kocha mwenye jina haraka kabla hatujashuka. Na kuna wanaosema tukiingia mtoano wa kuwania kubaki Ligi Kuu ndo tumeshuka tayari. We unaonaje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na umefanya la maana kuniandikia na namba zote, maana wengi huwa wananitumia "kocha timu yetu itashuka?" basi, kama vile mi napiga ramli.

Nianze na hao vijana wa boda. Pointi 4 kwenye mechi mbili ni nzuri, nani akatae, mechi 22 za mwanzo mlikuwa na pointi 20 yani hata pointi moja kwa mechi hamfikishi alafu ghafla mnapata mbili kwa mechi, lazima mtu aone kaimu ni mganga. Ila hebu jiulize kocha hufukuzwa lini. Hafukuzwi timu ikiwa kwenye hali yake ya kawaida, anafukuzwa ikiwa imefika chini kabisa, kafungwa mechi nne mfululizo, mpira unagonga mwamba, kipa kateleza, refa kakataa penati. Ukishafika hapo hata ukimuweka dereva wa basi kwenye benchi kuna pointi zitapatikana, kwa sababu bahati mbaya nayo inachoka. Kuna mchumi mmoja wa Uholanzi anaitwa Bas ter Weel alichukua ligi ya kwao kuanzia 1986 mpaka 2004 akalinganisha timu zilizofukuza kocha baada ya matokeo mabovu na timu zilizokuwa na matokeo mabovu vilevile lakini zikamvumilia kocha, akakuta zote zinapanda, na zilizofukuza hazikuwazidi zile zilizovumilia. Sa sisemi kocha hana kazi, mi mwenyewe nimekula mkate wa kazi hiyo zaidi ya miaka 20, nasema tu mechi mbili hazikwambii chochote kuhusu huyu bwana. Tena hukuniambia mlicheza na nani. Kama mliyemfunga 1-0 ndo huyo anayeshika mkia basi punguzeni shangwe kidogo.

Na wazee wa kahawa nao. Nitawajia, ila kwanza nikusimulie kitu.

Niliwahi kukaimu, klabu siitaji na usinibembeleze, mechi saba za mwisho wa msimu. Kocha mkuu aliondoka usiku, mi nikaambiwa kwa simu saa tano kwamba kesho asubuhi mazoezi ni ya kwako. Nafika uwanjani saa moja kasoro nakuta wachezaji 14 kati ya 26, mipira sita, miwili haina upepo. Namuuliza kapteni wengine wako wapi, akaangalia chini akasema "kocha, wengine wako hosteli, hawajala." Mama aliyekuwa anawapikia alikuwa anaidai klabu miezi miwili, jana yake jioni kafunga jiko kaondoka na masufuria yake. Basi siku ile sikufundisha mpira. Nilipanda boda mpaka kwa yule mama, nikakaa kwenye kindoo pale jikoni kwake karibu saa zima ananisomea daftari, tarehe hii ugali na maharage sahani 24, tarehe hii wali nyama wachezaji tu viongozi hawamo, nikatoa nilichokuwa nacho mfukoni, katibu nikamtoa kingine kwa maneno makali, akakubali kurudi kesho yake. Kesho yake mazoezini walikuja 23. Jumapili tukashinda 1-0. Jumatatu redioni nasikia mchambuzi anaeleza kwa kirefu jinsi kaimu alivyobadilisha mfumo kutoka 4-3-3 kwenda 4-4-2 na kuziba upande wa kulia. Mdogo wangu, mfumo niliobadilisha mimi ulikuwa wa ugali.

Nakusimulia hivyo kwa sababu mkiwa kijiweni mnabishana kama kaimu ana mbinu au hana, na hilo ni swali la pili. Swali la kwanza ni kilichovunjika ni nini. Kama wachezaji wanadai mishahara ya miezi mitatu, kama kuna posho ya ushindi iliahidiwa mwezi wa kumi haijaonekana mpaka leo, mleteni hata kocha kutoka Barcelona, atakaa wiki mbili ataanza kuulizia na yeye mshahara wake. Kaimu ana faida moja hapo, anajua. Anajua nani hajalipwa, nani kagombana na nani, nani ana goti bovu analificha ili asipoteze namba, nani analewa. Kocha mpya atavijua hivyo baada ya mechi tano, na nyie mmebakiza sita.

Haya, sasa hoja yenyewe. Mi naona watu wengi wanakosea kumuuliza kaimu swali la kocha mkuu. Kocha mkuu unamuuliza, utaijenga timu? Kaimu unamuuliza, utatuvusha hizi mechi chache? Ni kazi mbili tofauti kabisa, kama fundi wa kujenga nyumba na fundi wa kuziba paa mvua ikiwa inanyesha.

Angalia makaimu waliotikisa dunia walitikisia wapi. Roberto Di Matteo pale Chelsea, kapewa timu Machi 2012 alipofukuzwa André Villas-Boas, akabeba Kombe la FA na akaenda kumfunga Bayern kwa penati palepale Munich akabeba Ligi ya Mabingwa. Watu wanakumbuka hilo kombe. Wasichokumbuka ni kwamba msimu uleule kwenye ligi Chelsea walimaliza wa 6. Timu ileile kaimu yuleyule. Alafu wakampa mkataba mwezi wa sita, mwezi wa 11 wakamfukuza.

Au Emerse Faé na Ivory Coast, AFCON ya mwanzoni mwa 2024, hii unaikumbuka. Wenyeji wanapigwa 4-0 na Equatorial Guinea nyumbani Abidjan, kocha Jean-Louis Gasset anaondoka mashindano yakiwa katikati, shirikisho lao linajaribu kumuazima Hervé Renard kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa linakataliwa, basi anapewa msaidizi maana hakuna mwingine. Na walivuka makundi kwa sababu Morocco waliwafunga Zambia, kwenye kundi letu sisi Taifa Stars lile, siku ileile tunatoka 0-0 na Congo. Faé akamtoa Senegal kwa matuta, yani penati, akamtoa Mali akiwa pungufu wachezaji 10, akamtoa Congo 1-0, fainali akamfunga Nigeria 2-1. Mechi nne kombe. Leo kila klabu ikifukuza kocha utasikia "mbona Faé". Sawa, ila Faé alipata Sébastien Haller na Simon Adingra ambao makundi hawakucheza kwa majeraha, wakarudi kwake yeye wamepona, na ndo hao Haller kafunga nusu fainali na fainali na Adingra kasawazisha na Mali dakika ya 90. Nyie mna Haller gani yuko hospitali anasubiri kupona? Kama yupo niambie nibadilishe jibu.

Hapa kwetu je. Juma Mgunda Septemba 2022 alichukuliwa Coastal Union akapewa Simba siku chache tu kabla ya safari ya Malawi, akawafunga Nyasa Big Bullets kule na huku, akaenda Luanda akawapiga de Agosto 3-1, akamaliza kazi Dar 1-0, Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mashabiki wakamuita Guardiola Mnene. Mechi nne za mtoano kashinda zote nne. Mwaka 2024 alipoondoka Benchikha akapewa tena timu kumalizia ligi, akajitahidi, lakini wakamaliza wa tatu, pointi sawasawa na Azam 69 kwa 69 wakazidiwa mabao. Ni mtu yuleyule. Mtoano aliuweza, ligi ya kukimbizana mpaka mwisho ikamshinda kwa uzi.

Na hii ya kocha Miguel Gamondi. Kapewa Stars kwa muda Novemba 2025 baada ya kocha Hemed Morocco kuondoka, wakati huo bado anafundisha Singida Black Stars, kaenda AFCON Morocco, kafungwa na Nigeria 2-1, sare na Uganda 1-1, sare na Tunisia 1-1, na kwa pointi 2 tu Tanzania ikavuka makundi kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda huko 1980. Kisha tukafungwa 1-0 na wenyeji tukarudi. Ukiangalia vizuri hakushinda mechi hata moja! Na ni historia, na mi nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Nataka uone hapo kwamba kazi ya kaimu inapimwa kwa kilichohitajika, na kilichohitajika kilikuwa pointi 2. Kwa hiyo tukae na karatasi tuone nyie mnahitaji nini.

Wa 12 ana 28. Tuseme anazembea, kwenye mechi 6 anapata pointi 6 tu, anafika 34. Nyie kumpita mnataka 35, yani pointi 11 kati ya 18, kushinda tatu kutoa sare mbili kufungwa moja. Timu iliyopata pointi 24 katika mechi 24 ishinde 3 katika 6, na moja ya hizo ni Dar? Inawezekana, mpira ni mpira, ila mi siweki hela yangu hapo. Wa 13 ana 26, huyo mnamfikia, lakini kumfikia huyo hakukutoi kwenye mtoano, 13 na 14 wote wanaingia, mnabadilishana viti tu. Sasa geuka uangalie nyuma, ambako watu wa kijiweni hawaangalii. Wa 15 ana 21 na kiporo. Akishinda kiporo ana 24, mko sawa, mnamzidi kwa mabao tu, deni la 9 kwa deni la 16. Na wa 15 na wa 16 hawana mtoano wala rufaa, wanashuka moja kwa moja. Kwa hiyo ukweli wenu ni kwamba mstari mnaotakiwa kuulinda kwa meno uko chini yenu. Ule wa juu ukija mshukuruni Mungu.

Hii inabadilisha namna ya kucheza. Dar kwa mkubwa msiende kutafuta ushujaa, mkifungwa 1-0 hamjapoteza kitu, mkifungwa 5-0 mmetupa mabao matano ya faida yenu juu ya wa 15. Nimeona kaimu vijana wanataka kuonyesha wao ni wakubwa, wanafungua mchezo kwa timu kubwa, dakika ya 70 wako nyuma mbili wanaingiza straika wa tatu, mwisho wa siku tano. Paki basi bila aibu, yani jazaneni nyuma mlinde goli. Mechi dhidi ya wa 15 kama bado hamjacheza naye mzunguko wa pili, hiyo ndo fainali yenu, na kama iko kwenu itangazeni mapema watu wajae.

Sasa hilo la "tukiingia mtoano ndo tumeshuka". Hapana bwana. Hebu tuelewane unavyokwenda. Wa 13 na wa 14 wanacheza wao kwa wao nyumbani na ugenini, mshindi anabaki Ligi Kuu. Aliyefungwa bado hajafa, anakwenda kucheza na timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, iliyoshinda mtoano wa kule kwao, wa tatu na wa nne wanavyotoana. Akishinda anabaki. Kwa hiyo mnayo nafasi mara mbili. Msimu wa 2022/23 Mbeya City walifungwa na KMC, wakaenda kukutana na Mashujaa, wakapigwa Kigoma 3-1, wakarudi Sokoine wakafungwa tena, wakashuka. Uliofuata Tabora United, ambao siku hizi ni TRA United, walifungwa na JKT Tanzania lakini wakawatoa Biashara United wakabaki. 2024/25 Fountain Gate wamefungwa na Prisons, wamekwenda wakawafunga Stand United, wamebaki. Misimu mitatu hiyo, aliyeanza kwa kufungwa kapona mara mbili. Sasa nani kakwambia ni kaburi.

Ila angalia Mbeya City wale, nimewataja makusudi. Timu ya Ligi Kuu inayoingia mtoano ina ugonjwa wake, imezoea kufungwa. Msimu mzima wachezaji wamezoea kuinamisha kichwa. Mbele yao anakuja mtu wa Championship ambaye kazoea kushinda, miezi nane anashinda, kacheza viwanja vya mashimo, kasafiri na basi bovu saa 18, ametoka kumtoa mwenzake wiki iliyopita na mji mzima uko nyuma yake. Kwa ubora wa mchezaji mmojammoja mnamzidi, kwa moyo anawazidi mpaka dakika ya 30. Zile dakika 30 za ugenini ndo mtoano wenyewe. Mkizivuka bila kufungwa, pumzi na ubora vinaanza kuongea. Mbeya City walirudi nyumbani wakiwa na deni la mabao mawili, na kutafuta mabao mawili huku una hofu ya kushuka ni kazi ngumu kuliko zote ninazozijua kwenye mpira, miguu inakuwa mizito kama umefungiwa matofali.

Ndo maana nasema kaimu na mtoano ni saizi moja. Mechi mbili, pengine nne. Hapo hutaki falsafa, hutaki mtu wa kujenga mashambulizi kutoka kwa kipa, unataka mtu wa kupanga vitu vitatu vinne vikapangika.

Na wazee wa kahawa wanaotaka jina kubwa, nawaheshimu, ila wahesabu siku. Leo mkianza kutafuta, wiki moja mazungumzo, kama ni mgeni kuna kibali cha kazi kinashughulikiwa, anafika amebakiza mechi nne. Dirisha la usajili limefungwa, kwa hiyo anakuta wachezaji walewale. Atataka siku za kuwajua, atabadilisha beki mbili ili aonekane kabadilisha kitu, na wale waliotulia kwa kaimu wataanza upya kupigania namba. Kisha mkishuka ataondoka na fidia. Nimeona klabu inamlipa kocha wa tatu wa msimu fedha ambayo ingelipa mishahara ya kikosi kizima miezi miwili, alafu wanashangaa wachezaji hawakimbii. Kama kuna hela ya kocha mpya, ipelekeni kwa wachezaji leo jioni, mtaona kaimu anavyokuwa fundi.

Ila kuna jambo moja la kuuliza uongozi, leseni. Kanuni zinataka kocha mkuu awe na daraja fulani la leseni na wasaidizi wengi wana daraja la chini yake. Kama wa kwenu hana, klabu itafute mapema mtu mwenye leseni wa kukaa naye, na huyo mtu awe anajua kwamba kaja kusaidia, maana nimeona benchi lina makocha wawili, mmoja anapiga kelele "pandeni" mwingine "rudini", na beki wa kushoto kasimama katikati anawaangalia kama kuku mwenye wageni wawili. Na asipewe mkataba wa kudumu saa hizi. Vijana wa boda watanichukia. Mwambieni hivi, kaka, timu ni yako mpaka mechi ya mwisho, hata mtoano, hata ukifungwa tatu mfululizo hatukugusi, msimu ukiisha tutakaa. Hilo la "hatukugusi" lina thamani kuliko mkataba, kwa sababu mchezaji akijua kocha anaweza kuondoka Jumatatu, Jumapili hamsikilizi. Wengi huku kwetu kaimu ni daraja tu, Yanga alipoondoka Mwinyi Zahera 2019 Boniface Mkwasa alikaimu mpaka Luc Eymael alipokuja Januari, Simba pale Selemani Matola kakaimu zaidi ya mara moja, wanajua wanashikilia kwa muda na wanafanya kazi yao. Sio tusi.

Sasa utamjuaje huyo wenu kama anaweza. Usiangalie matokeo peke yake, nenda uwanjani, kaa juu kidogo usikae nyuma ya goli, na uangalie kona mnazopigiwa. Nakwambia kona kwa sababu ndo kitu ambacho kaimu anaweza kukirekebisha kwa siku tatu bila kumnunua mtu. Nilipokaimu mimi tulikuwa tunafungwa kona kila wiki. Nikawaita mabeki jioni, nikachukua vijiti vinne nikachomeka kwenye boksi, kimoja nguzo ya karibu, viwili mbele ya kipa hatua kama sita kutoka golini, kimoja penye doa la penati. Nikawaambia hapa kila mtu ana kijiti chake, simtaki mtu anayemfuata mtu, linda kijiti. Beki wangu mrefu kuliko wote akakataa kusimama nguzo ya karibu, anasema yeye ni wa katikati, pale ni pa mtu mfupi. Nikamwambia kona saba kati ya kumi za ligi hii mpigaji hana nguvu ya kuvusha, mpira unafia nguzo ya karibu, simama. Kanuna. Tulirudia mpaka giza, mi mwenyewe napiga kona na kandambili. Kwenye mechi ile ya 1-0 walipata kona tisa, yule mrefu akatoa sita kwa kichwa, akaja benchi anacheka. Sasa wewe angalia, wachezaji wenu wakati wa kona wanajua wanasimama wapi, au wanaangaliana na kusukumana wakati mpira umeshapigwa? Wakiwa wanajua, kuna mtu anafanya kazi wiki nzima.

Kingine dakika ya 60. Kocha mwenye hofu akiongoza 1-0 anamtoa straika dakika ya 60 anaingiza beki, na kuanzia hapo mpira haukai mbele hata sekunde mbili, mnashambuliwa nusu saa. Mwenye akili anamwacha straika mmoja mwenye kifua, hata kama hafungi, anaupokea mpira anaushika anapigwa anapata faulo, mabeki wanapumua. Huyo straika msimzomee. Najua mnamzomea, kila timu inayokaribia kushuka ina straika wake wa kuzomewa, na mara nyingi ndo huyohuyo anayewapa mabeki nafasi ya kunywa maji.

Na penati. Mtoano unaweza kufika matuta na nimeshaona timu inafika kwenye matuta wanaanza kuulizana nani anapiga, kipa wa akiba anajitolea. Kaimu wenu aanze sasa hivi, kila mwisho wa mazoezi, wakiwa wamechoka sio wakiwa wabichi, wapige mbilimbili, na kuna mtu na daftari anaandika nani kafunga upande gani. Ikifika siku yenyewe daftari linaongea, hakuna kujitolea.

Mkimaliza mechi ijayo niandikie tena, ila usiniandikie matokeo tu, hayo nitayaona. Niandikie kona mlizopigiwa zilikuwa ngapi na nani alitoa mipira, straika alitolewa dakika ya ngapi, kiporo cha wa 15 kimeishaje, na umuulize kijana yeyote wa kikosini, bila kumtaja, kama mwezi huu wamelipwa.